Msimu wa Petroli ya Chupa

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha jana tukiwa kanisani. Ilipiga mabati hadi mchungaji akaacha kuhubiri, akafunika Biblia, akasubiri. Leo wakulima wangu wote wako mashambani wanainua matuta ya tumbaku, na mimi nimeitwa Mzuzu kwenye kikao.

Sijawahi kuandika mambo ya siku. Lakini binti yangu Towera ameolewa Karonga, nyumba nimebaki mimi na kuku wawili, na kuna maneno ambayo kuku hawayaelewi. Basi nitakuambia wewe.

Kikao kilikuwa kifupi. Meneja wetu wa kampuni ya tumbaku, Bambo Mtonga (bambo ni bwana kwa lugha ya huku), ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alifungua kwa sala nzuri juu ya nabii aliyelishwa na kunguru. Kisha akasema kadi za mafuta za kampuni zimesimamishwa, maana sheli zenyewe zimekauka nchi nzima.

"Nunueni popote mtakapopata, kwa fedha zenu. Mwisho wa mwezi leteni madai, tutawarudishia. Miche haisubiri."

Wongani Zgambo, bwana shamba mwenzangu wa upande wa mashariki, akauliza, "Popote, bosi?"

"Popote, mdogo wangu. Mungu anajua mnakopita."

Tukasema amina. Mimi niliisema kwa sauti. Mtu anayeomba namna ile hawezi kukuacha njiani.

Alhamisi, 20 Novemba

Foleni ya sheli tangu asubuhi. Pikipiki yangu ilipokaribia, mtu wa pampu akavua kofia akaipunga hewani: yameisha. Wanawake waliokuja na madumu wakacheka. Walicheka sana, na hakuna aliyekuwa na furaha.

Nikaenda kwenye kona ya Yotamu Shaba. Yotamu ni mtu wa kanisa letu, mume wa NyaSoko, ambaye tuko naye katika chama cha wanawake. Kando ya barabara amepanga maboga, maana kuuza petroli bila leseni ni kosa. Ukiona chupa tupu juu ya boga, ujue petroli ipo. Yenyewe iko nyuma, kwenye migomba, ndani ya chupa za soda zilizozibwa kwa magunzi.

"Karibu, bibi shamba! Unataka boga la kuchemsha au la kukimbia?"

"La kukimbia. Lita tatu. Bei gani?"

"Kwa mtu mwingine, mara mbili ya sheli. Kwako wewe uliyemfundisha mke wangu katekisimu, mara mbili ya sheli lakini natabasamu."

Nilimlipa. Kweli alitabasamu.

Jumanne, 25 Novemba

Matuta. Matope. Sima na majani ya maboga.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimepeleka madai ofisini. Mhasibu akageuza karatasi yangu kama anatafuta mende chini yake. "Risiti ziko wapi, mama?"

Nikamweleza kwamba maboga hayatoi risiti. Akasema basi na kompyuta yake haitoi fedha.

Wongani alikuwa nyuma yangu na bahasha nene. Alipotoka akanivuta pembeni. "Mama NyaLuhanga, sheli haina mafuta lakini risiti zipo tele. Yule wa pampu anaziuza. Unampa hela ya soda, anakuandikia lita unazotaka."

"Huo ni uongo, Wongani."

"Petroli si nimeinunua kweli? Uongo uko wapi? Mungu hasomi risiti."

"Anasoma. Hata zilizofutika."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Haya, mama. Wewe utafika mbinguni kabla yetu. Kwa miguu."

Nilimwona Bambo Mtonga mlangoni mwake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Endelea kununua, dada yangu. Hilo niachie mimi." Nimerudi moyo umetulia.

Jumatano, 3 Desemba

Akiba yangu imekwisha, na miche inahamishwa wiki hii. Nisipopita, wakulima watapanda karibu karibu kama mchicha, na Aprili lawama itakuja kwangu. Kwa hiyo leo nimekopa benki ya barazani.

Ni kikoba chetu wanawake wa kanisa. Tunakutana Jumatano kwenye baraza ya NyaKumwenda, mwenyekiti wetu, na sanduku lina kufuli tatu ili mmoja asishawishike peke yake. Siku ya kuvunja na kugawana ni Jumamosi kabla ya Pasaka. Asiyekuwa amerudisha siku hiyo, sheria yetu inajulikana: wanachama wanakwenda kwake wanaimba, wanabeba vitu vya thamani ya deni.

NyaKumwenda aliuma mdomo aliposikia kiasi ninachotaka. "Hizo ni fedha za watu wengi, NyaLuhanga. Kuna mabati yangu humo."

NyaSoko ndiye aliyenitetea. "Mpeni. Si fedha yake, ni ya kampuni. Na kampuni haifi."

Wakanipa. Jioni nilipita kwa mumewe nikajaza tangi. Fedha ya NyaSoko imetoka sandukuni na kurudi nyumbani kwake kwa njia ndefu. Tulicheka sana kwa hilo, Yotamu na mimi.

Jumamosi, 13 Desemba

Daraja la Chambewe limeondoka na mto. Kilichobaki ni nguzo mbili na kandambili ya mtu. Wakulima wangu nusu wako ng'ambo. Ama nizunguke kwa barabara ya milimani, ambayo ni mara mbili ya njia, ama nisukume pikipiki majini. Nimempigia Bambo Mtonga simu. Alikuwa kwenye harusi, ngoma zinalia. Akasema, "Bwana atafanya njia."

Alhamisi, 25 Desemba

Kristo amezaliwa. Wali na kuku mmoja. Aliyebaki ananitazama.

Ijumaa, 9 Januari

Leo tumekwenda kwa NyaMhango. Alikopa mwaka jana kumwuguza mumewe; mume amekufa, na deni tulishaliongezea muda mara mbili. Tulikwenda na sare zetu. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo, kwa sababu sauti yangu ndiyo inayobeba.

Hakubisha. Alikaa kizingitini akatazama tunavyopita. Tulitoa masufuria, baiskeli ya marehemu na mbuzi mwenye mimba. Thamani haikufikia deni. NyaKumwenda akarudi ndani akatoka na blanketi.

"Mama," akasema NyaMhango, "hilo lina mkojo wa mtoto."

"Litafuliwa."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakajizuia. Mimi nikapandisha ubeti wa pili ili tuondoke.

Deni ni deni. Kama mmoja halipi, mjane mwingine ndiye anayeibiwa. Njiani NyaKumwenda alitembea karibu nami. "Na wewe kampuni imesemaje?" Nikamwambia mwisho wa mwezi. Akaliweka sawa blanketi begani.

Ijumaa, 16 Januari

Sijawahi kudhalilishwa vile na mtu ambaye hakupandisha sauti.

Kikao cha mwezi, wote tupo, hata wafagiaji waliitwa kwa sala. Bambo Mtonga aliomba, kisha akainua madai yangu juu kama mwalimu anayeonyesha daftari la mtoto mjinga.

"Hebu tumsikilize NyaLuhanga. Wongani ana wakulima wengi kuliko yeye, na anatumia petroli nusu yake, tena kwa risiti. Dada yangu, pikipiki yako inakunywa kuliko ng'ombe. Au mnakunywa pamoja?"

Watu wakacheka. Wongani alicheka akiangalia sakafu.

"Bosi, daraja limekwenda. Nazunguka milimani."

"Nani ameniletea taarifa ya daraja?"

"Mimi. Nilikupigia."

"Kwa mdomo. Mdomo haufungwi kwenye faili."

Nikasema, "Hata wewe ulisema kwa mdomo tununue popote."

Akatabasamu kama anavyotabasamu akipitisha mkate wa Meza ya Bwana. "Siku ile nilikuwa katika roho ya maombi, dada. Mtu hapelekwi kwa mhasibu na maombi yake."

Baadaye aliniita peke yangu. Akafunga mlango akawa mpole. Akasema yeye ananiamini, tatizo ni makao makuu. Wanadhani petroli za barabarani ni hadithi. "Niletee mtu wa kweli. Muuzaji mwenyewe: jina, kitambulisho, sahihi. Wakiona mtu mwenye damu, watalipa. Wewe si mtu wa risiti za kununua, najua. Ndiyo maana nataka madai yako yawe safi kuliko ya wote."

Aliyasema hayo ya risiti bila kupepesa. Kumbe anajua za Wongani.

Jumatano, 21 Januari

Yotamu alikuna kichwa. "Jina langu lote? Na namba ya kitambulisho? Dada, biashara yenyewe unaijua ilivyo."

"Ni ya mafaili tu. Mkubwa wetu ni mzee wa kanisa, unamjua. Bila karatasi yako silipwi hata lita moja, naomba nisaidie."

Alimtazama mkewe. NyaSoko alikuwa anamenya karanga, hakuinua macho. "Andika, baba. Huyu si wa kutuuza. Asipolipwa, wale wanawake watakwenda kumwimbia."

Akaandika. Ana mwandiko mzuri, herufi zimesimama wima kama askari. Akaandika kila alichoniuzia tangu Novemba, na mimi nikakumbusha pale aliposahau. Pale alipoandika zaidi, kwa faida yangu, nikamsahihisha. Karatasi ile haina uongo hata mmoja. Nimeibusu kabla ya kuikunja.

Jumatano, 4 Februari

Mto Chambewe umejaa. Asubuhi nilijaza kwa Yotamu, nikafika mtoni, nikaona kuzunguka milimani kutamaliza petroli yote. Nikapandisha sketi nikasukuma. Katikati nilikanyaga jiwe lililohama, pikipiki ikalala, maji yakapita juu ya tangi. Wanaume wawili waliokuwa wanakata matete walinisaidia kuitoa. Haikuwaka. Nikamwaga petroli yote, nyeupe kama maji ya mchele, nikakausha plagi kwa kitenge, nikapuliza, nikaomba. Ikawaka karibu na jioni, na inakohoa hadi sasa. Fundi anasema injini imeumia.

Nimempigia Bambo Mtonga. Simu ilikuwa inakatika. Nilimwambia pikipiki imezimika, maji yameingia kwenye petroli, nimefia hapa Chambewe. Akasema, "Pole. Andika taarifa."

Jumatano, 11 Februari

Kukata maua ya tumbaku. Hakuna jibu la makao makuu.

Jumatano, 18 Februari

Mvua. Hakuna jibu.

Jumatano, 25 Februari

Mvua. Mahindi mabichi yameanza. Hakuna jibu.

Jumatano, 4 Machi

Kikao cha benki ya barazani leo kilifanyika kwangu, kwa sababu NyaKumwenda alisema baraza yake inavuja. Haivuji. Alikaa kwenye kiti changu chenye mikono, akakitikisa miguu, akapitisha kidole chini ya mto wa kukalia. Wengine walikuwa wanatazama kabati.

"Mabati ya nyumba hii ni ya geji gani?" akauliza.

"Mama NyaKumwenda," NyaSoko akamkatiza, "siku ya kuvunja bado. Mtu hapimwi jeneza akiwa anakula."

"Nani amepima? Nasifia tu."

Mwezi mmoja umebaki. Nilipowasindikiza niliona NyaMhango akipita barabarani na kuni. Alisimama akatusalimu wote kwa majina. Mimi alinisalimu mwisho, akaniangalia muda mrefu kidogo, akaenda.

Ijumaa, 13 Machi

Hii nitaiandika yote, hata kama mafuta ya taa yatakwisha.

Bambo Mtonga aliniita nyumbani kwake, si ofisini. Mkewe alileta chai na mandasi za moto, akauliza habari za Towera, akatuacha. Bambo Mtonga akabariki chai. Akatoa karatasi ya Yotamu. Ilikuwa imegongwa mihuri kama pasipoti.

"Makao makuu wameipenda," akasema. "Lakini hawalipi petroli isiyo na leseni. Sheria."

Nikasogeza kikombe pembeni. "Wewe ndiye uliyesema wataona mtu wa kweli."

"Nami ninashukuru umemleta. Subiri, kunywa chai. Hawalipi petroli, ila wanalipa hasara. Kuna mfuko wa hasara zinazotokana na uhalifu. Unahitaji namba moja tu ya kesi ya polisi. Nikiwa na namba hiyo, naweka humo petroli yako, injini yako, hata petroli ya wenzako yenye matatizo. Wote mnapona."

"Uhalifu gani?"

"Februari nne uliniambia maji yameingia kwenye petroli. Ulijaza kwa nani asubuhi ile?"

Nikaitazama karatasi ya Yotamu.

"Dada yangu, sikuambii useme uongo. Nikikuambia useme uongo, nivue uzee wa kanisa. Nakuuliza tu."

"Kwa Yotamu. Lakini pikipiki ililala mtoni, Bambo. Maji yalikuwa ya mto."

"Ulikuwa mle ndani ya tangi ukayaona yakiingia?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hujui. Chupa zake anaziba kwa nini?"

"Magunzi."

"Magunzi! Na mvua hii." Akanisogezea sahani ya mandasi. "Kama ni msafi, mahakama itamwona. Pengine atapigwa faini ndogo, ataacha biashara ya hatari, watoto wake watalala salama. Unajua chupa zile zimeunguza nyumba ngapi? Huenda ndiyo rehema yenyewe. Na siku ya kuvunja ni lini?"

Sikuwahi kumwambia habari za siku ya kuvunja. Mkewe ni mwanachama wetu wa zamani, sasa nakumbuka.

"Jumanne saa nne polisi watakuwa na maswali matatu tu," akasema. "Usijibu ambayo hukuulizwa. Hata Bwana wetu mbele ya liwali alinyamaza."

Nilikula mandasi mbili. Sijui kwa nini naliandika hilo, lakini nilikuwa na njaa na zilikuwa nzuri.

Jumapili, 15 Machi

Meza ya Bwana. Nimefunga tangu juzi. Nimeomba anifungulie njia ya tatu, hata nyembamba, nipite kwa ubavu. Nilimpigia Towera, mumewe amesimamishwa kazi bandarini, ndiye aliyetaka kuniomba mimi fedha. Niliwaza kumwambia Yotamu afiche chupa zake. Kisha nikawaza kabati, mabati, sare yangu ikikunjwa na NyaKumwenda. Nikawaza blanketi lile.

Bambo Mtonga alinipitishia mkate. Yotamu alikaa nyuma yangu akiimba sauti ya chini, kama anavyoimba siku zote, nje kidogo ya tuni. Nikaupokea mkate.

Jumanne, 17 Machi

Waliuliza: Ulinunua petroli kwa mtu huyu asubuhi ya tarehe nne? Ndiyo. Siku hiyo hiyo pikipiki ilizimika? Ndiyo. Ulipomwaga petroli ilikuwa na maji? Ndiyo.

Hawakuuliza habari za mto. Nilisubiri kidogo, nikadhani wataniuliza. Askari akageuza karatasi nitie sahihi.

Alhamisi, 19 Machi

Wamemchukua Yotamu. Walichukua na maboga.

Jumapili, 22 Machi

NyaSoko alikuja kabla ya ibada, macho yamevimba. Anataka kujua kama kampuni yetu ina mtu anayejua sheria, maana mimi ninafanya kazi na wakubwa. Nikamwambia nitauliza. Akanishika mkono hadi kanisani. Nilipanga mara mbili kumwambia njiani. Mara ya kwanza akapita mtu. Mara ya pili hakupita mtu yeyote.

Ijumaa, 27 Machi

Kesi haikuchukua muda. Nilikaa nyumbani, NyaSoko ndiye aliyekuja kunieleza, akiwa bado na vumbi la mahakama.

"Walimwambia akikubali kosa, hakimu atamhurumia. Akakubali la kuuza. La maji alisema halijui. Askari akamwambia, 'Yote mawili yako karatasi moja, mzee, ukubali au usikubali.' Basi akakubali karatasi."

"Wamempa nini?"

"Miezi kumi na minane." Alikaa chini palepale, kwenye udongo, ingawa kiti kilikuwepo. "Walisema kuuza peke yake kungekuwa faini. La maji ndilo la kufungwa. Dada, Yotamu wangu atie maji? Mtu ambaye hata uji wangu anasema nimeuongezea maji?"

Alicheka huku analia. Mashahidi hawakuitwa, kwa kuwa alikubali. Hakuna aliyesoma jina langu. Nilimpikia chai, nikamshika mabega, nikamwombea sala ndefu. Ilikuwa sala nzuri. Nilijisikia nikiomba, na sauti yangu ilifanana na ya mtu ninayemjua.

Jumanne, 31 Machi

Fedha zimeingia. Zote, tangu Novemba. Wongani naye amelipwa nyongeza, na bwana shamba wa kusini pia, kwa namba ile ile ya kesi. Wongani alinipigia anapiga mluzi. "Mama, umetuokoa! Na ulikuwa unakataa risiti ya hela ya soda! Kumbe ulikuwa unatafuta samaki mkubwa."

Nikakata simu. Baadaye nikampigia kumwambia ilikatika yenyewe.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku ya kuvunja. Nimerudisha deni lote na riba. NyaKumwenda alihesabu, akahesabu tena, akanyanyua mikono. "Mnaona, akina mama? Huyu ndiye mtu anayemcha Mungu. Kampuni ilimzungusha, hakuiba, hakughushi, alisubiri. Nani atasimama na kushuhudia kama yeye?"

Wakapiga vigelegele. Ikabidi nisimame. Nikasema Mungu ni mwaminifu kwa wanaomngoja, na sauti yangu ikabeba, kama kawaida.

NyaSoko alipokea mgao wake, akaufunga kwenye pindo la kitenge bila kuuhesabu. Alikuja akanikumbatia mbele ya wote. "Si niliwaambia? Kampuni haifi."

Mabati yangu yako juu. Kiti kipo. Nimekikalia jioni yote.

Jumapili, 5 Aprili

Amefufuka.

Alhamisi, 16 Aprili

Tumbaku imeanza kwenda sokoni. Marobota ya wakulima wangu yamepata bei nzuri, na Bambo Mtonga alinitaja kwenye kikao kama mfano. Nilitafuta chuki moyoni nikakuta nimefurahi. Hilo limenitisha kuliko mengine yote, maana zamani nilidhani yeye ni mtu wa aina moja na mimi wa nyingine.

Sheli zina petroli tangu wiki iliyopita, hakuna foleni, na kadi za kampuni bado hazijarudi. Risiti zinatoka ndefu, zina saa na dakika.

Leo nilimpeleka NyaSoko gerezani. Aliniomba, na basi ni nauli kubwa. Nilijaza tangi asubuhi, akapanda nyuma na mfuko wa chumvi, sabuni na dagaa wa ziwani. Njia nzima alinishika kiuno akizungumza mgongoni mwangu: mtoto wa pili ameacha shule, maboga yanaoza shambani, NyaKumwenda ameuliza geji ya mabati ya nyumba yao. Mimi nilikuwa nasema, "Mm, dada. Mm."

Waliruhusu mmoja tu kuingia. Nilisubiri nje chini ya ukuta. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Amekonda, lakini anakusalimu. Anasema wewe peke yako ndiye uliyemsahihisha alipokuandikia zaidi. Anasema watu kama wewe wamebaki wachache, nisikuache." Akajipangusa pua. "Wafungwa wenzake wanamwuliza nani alimchongea. Anasema labda mwenye sheli."

Tulipofika kwake alifungua pindo la kitenge akatoa fedha za petroli. Nikakataa. Nikakataa kweli, nikarudi nyuma, nikaweka mikono mgongoni.

"Dada, safari haiendi kwa mate," akasema. "Msimu mzima umeteseka kwa petroli za watu. Mimi sitakuwa kama kampuni yenu." Akazitumbukiza kwenye mkoba wangu, akaingia ndani, akafunga mlango ili nisizirudishe.

Nilipitia ofisini kuacha taarifa ya wiki. Mhasibu akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, kama wanavyofanya siku hizi. Risiti ilikuwa mkononi mwangu. Nikampa. Akauliza ya nini, nikasema ya kumtembelea mkulima ng'ambo ya Chambewe. Akagonga muhuri, akanihesabia palepale.

Tangu Novemba, hii ndiyo petroli ya kwanza niliyolipwa siku ile ile. Nimelipwa mara mbili.